Stoo imejaa soda na tambi, mtoto hapandi kilo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mtwara mjini, upande wa Chuno. Mume wangu ni fundi ujenzi, na pia ana mikorosho Tandahimba aliyoachiwa na marehemu baba yake. Kwa hiyo mwaka wetu una miezi miwili mitatu ya neema, pesa za mnada wa korosho zinapoingia benki, na miezi iliyobaki tunaishi kwa vibarua vyake vya ujenzi.

Desemba iliyopita, pesa ilipotoka, mume wangu alirudi na bajaji imejaa. Alileta katoni nne za tambi za dakika mbili, kreti mbili za soda, juisi ya unga, biskuti, mfuko wa sembe wa kilo 50, sukari kilo 25, ndoo ya mafuta ya kupikia ya lita 20 na soseji za kujaza friji. Watoto waliruka kwa furaha. Na mimi nilifurahi, sitakuficha. Majirani waliona, na mume wangu alitembea kifua mbele wiki nzima.

Sasa ni Machi. Soseji ziliisha Januari, soda hata Krismasi ya majirani hazikuiona. Kilichobaki ni sembe, sukari, mafuta na katoni moja ya tambi. Mboga ndiyo mtihani. Siku kukiwa na pesa nanunua samaki, siku hakuna nakaanga nyanya na kitunguu tunachovya ugali. Mvua hizi nazo kazi za ujenzi zimesimama.

Kilichonifanya nikuandikie ni mtoto wangu wa mwisho, ana miezi 19. Kwenye kadi ya kliniki mstari wake ulilala miezi miwili, mwezi huu umeshuka. Nesi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mama, leo nyumbani kwako kuna nini cha kula?" Nikaanza kutaja: sembe, sukari, mafuta, tambi. Nilipofika hapo nikanyamaza, maana nilijisikia mwenyewe. Akaniambia nihakikishe ndani hakukosekani mbaazi au kunde, dagaa, karanga na mboga za majani.

Nilimwambia mume wangu. Akajibu, "Hivyo ni vyakula vya kijijini. Mimi nimekula mbaazi mpaka nikazichukia, wanangu hawatakula mbaazi." Na shangazi, kuna jambo lilitangulia. Mwezi Septemba mama mkwe alikuja kutoka Tandahimba na ndoo ya mbaazi, kapu la makopa, ile mihogo mikavu, na ng'onda wawili, samaki wakavu wa chumvi. Mume wangu akaniambia niviweke uvunguni, tutavigawa. Mbaazi zikaingia wadudu, nikazimwaga. Mama alikuja kujua, na tangu hapo hajaleta kitu.

Naomba unisaidie. Ni vitu gani vya afya niwe navyo ndani siku zote, visivyoharibika haraka, kwa kipato chetu hiki cha msimu? Na nitamwambiaje mume wangu bila aone nimeungana na mama yake dhidi yake?

Mama Watatu, Mtwara

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na mtoto, stoo itafuata. Mstari kulala miezi miwili kisha kushuka ni jambo la kushughulikia wiki hii, usingoje msimu. Rudi kliniki kwa tarehe uliyopewa, na uombe wampime mkono kwa ule utepe wa rangi. Ukisoma nyekundu, au ukiona miguu yake imevimba, au anaharisha, au amekataa kula kabisa, mpeleke siku hiyohiyo. Kama bado unanyonyesha, endelea. Mtoto wa umri wake anahitaji kula milo mitatu hadi minne kwa siku, na kitu cha kutafuna katikati mara moja au mbili, kwa sababu tumbo lake ni dogo na hawezi kula kama nyie. Uji wake uwe mzito, wa kubaki kwenye kijiko. Uji mwepesi wenye sukari humjaza maji akalala, na kilo hazipandi. Na kuanzia leo soda na juisi ya unga zisipite mdomoni mwake. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto chini ya miaka miwili asipewe kabisa vinywaji vyenye sukari. Hata kwa mtu mzima, shirika hilo linashauri sukari ya kuongeza isizidi vijiko sita vidogo kwa siku ikiwezekana, na chupa moja ndogo ya soda inakaribia vijiko tisa.

Sasa mumeo. Umemweleza kama mtu anayedharau chakula cha kwao, lakini mimi nimesoma sentensi yake mara tatu: "Nimekula mbaazi mpaka nikazichukia." Mwanangu, huyo ni mtu aliyekula mbaazi bila nazi, bila kitunguu, mchana na usiku, katika ile miezi ya Januari mpaka Machi ambayo kila aliyekulia huku kusini anaijua. Alijiapiza kwamba wanawe hawatalala hivyo. Ile bajaji ya Desemba ilikuwa kiapo chake. Ukimwambia "mama yako alikuwa sahihi," unampokonya kiapo, naye atatetea soseji mpaka kesho.

Kwa hiyo mama mkwe usimtaje kabisa katika mazungumzo haya. Chukua kadi ya kliniki, ikunjue mezani watoto wakishalala, umwoneshe mstari kwa kidole. Mwambie, "Baba fulani, huyu ametuelemea, twende wote tarehe ya kliniki." Aende akamsikie nesi mwenyewe. Baba akisikia jambo la mwanawe kwa mtaalamu hulichukua kama kazi yake, na fundi anajua nyumba ikianza kupata ufa hukai ukautazama mpaka ukuta uanguke.

Halafu muulize kwa upole asubuhi kazini anakunywa chai na nini. Sitashangaa akisema maandazi na mbaazi za nazi kwa mama ntilie. Mafundi wengi hapa mjini huanza siku hivyo, na wanatoa pesa. Mbaazi anazozichukia ni zile za dhiki. Hizi za tui zito, zenye kitunguu na pilipili mbichi juu, anazinunua. Basi siku moja ya mapumziko mpikie hizo nyumbani, na maandazi yake ya moto. Usiseme neno. Mwache ale.

Na lile kapu la mama mkwe, nilipolisoma nilisikitika, kwa kuwa lilikuwa karibu mlo kamili. Makopa ni ya nguvu, mbaazi na ng'onda ni ya kujenga mwili. Kilichokosekana ni majani, na majani hayabebeki kutoka Tandahimba. Muhogo peke yake hauna protini ya kutosha, na mtoto anayelishwa ugali wa muhogo na chai atadhoofu sawa na anayelishwa tambi. Lakini ukiuweka pamoja na mbaazi, ni chakula cha kulelea. Ndivyo ilivyo pia kwa sembe yako: kile kinachopungua kwenye mahindi kimo kwenye mbaazi, kunde na choroko, na mwili ukivipata pamoja hupata protini iliyokamilika zaidi. Kwa hiyo usiitupe sembe iliyobaki. Itafutie mwenzake.

Hilo ndilo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Stoo yenu haikukosa chakula, ilikosa mboga kavu, yaani jamii ya kunde, dagaa na karanga. Sembe, sukari na mafuta vinashibisha, na kila Desemba mnanunua vya kushibisha halafu mnaiachia mboga bahati ya siku. Geuza mpango: mboga kavu inunuliwe kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, na vya kushibisha vifuate.

Nikufanyie hesabu ya nyumba yenu ya watu watano. Mbaazi kavu nusu kilo inatosha mlo mmoja mkubwa. Mkila jamii ya kunde siku nne kwa wiki ni kilo 2, na kwa mwaka ni kama kilo 100, yaani gunia moja. Gunia moja tu! Sio lazima liwe la mbaazi tupu. Changanya mwaka: mbaazi, kunde, choroko, njugu mawe zikipatikana. Choroko huiva haraka na hula mkaa kidogo, kwa hiyo ziwe za siku za kazi. Mbaazi ziloweke usiku, maji yale uyamwage, upike chungu kikubwa mara moja kwa wiki. Na hapa ndipo friji ya mumeo inapopata heshima yake. Mbaazi zilizochemshwa bila chumvi zigawe kwenye vibakuli au mifuko midogo, ugandishe. Jioni unatoa kifungu kimoja, unakaanga kitunguu na nyanya, unamimina tui, na mboga iko mezani kabla maji ya tambi hayajachemka.

Dagaa nunua kidogokidogo, kilo moja au mbili kwa mwezi, maana hewa yetu ya bahari ina unyevu na huchacha. Nenda feri, pale soko la samaki, asubuhi. Chagua wanaong'aa, wakavu wa kukatika, wasionuka uchachu. Nyumbani wachambue mchanga, waoshe haraka, waanike tena juani juu ya chekecheke mpaka wakauke kabisa, ndipo uwafunge kwenye ndoo yenye mfuniko. Dagaa huliwa na mifupa yake, na humo ndimo kuna madini ya kujenga mifupa na meno ya mtoto. Kwa huyu wa miezi 19, chukua wasiotiwa chumvi, wakaange bila mafuta, watwange wawe unga laini, uchekeche. Kijiko kimoja kwenye mboga yake au uji wa chumvi kila siku. Wakiwa wa chumvi, waloweke kwanza ubadilishe maji.

Karanga nazo ziwe ndani mwaka mzima, kilo moja kwa wiki inatosha, lakini hapa nitakuwa mkali kidogo. Karanga na mahindi vikipata unyevu huota ukungu, na ukungu huo huweza kuacha sumukuvu, ambayo huharibu ini na haitoki kwa kukaanga wala kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Kwa hiyo karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au uchungu, zitupe. Usizisage ili zisionekane, usiwape kuku. Nunua zenye maganda yake ukiweza, umenye za wiki moja. Na mtoto mdogo asipewe karanga wala korosho nzima, huweza kumkaba. Msagie, umchanganyie kwenye uji unapoupika. Watu wengi husaga unga wa lishe wakachanganya nafaka na karanga pamoja, kisha wakauweka miezi. Mafuta ya karanga huchacha humo ndani. Saga mtama na mahindi peke yake, karanga iingie sufuriani.

Nikuulize na jambo jingine. Mna mikorosho, lakini ndani ya nyumba kuna korosho? Katika orodha yako sijaiona hata moja. Tunapeleka zote ghalani, halafu tunanunua biskuti. Karibu sehemu moja ya tano ya korosho ni protini, na karibu nusu yake ni mafuta mazuri. Mumeo akiweka pembeni kilo chache tu za nyumbani kabla ya kupeleka AMCOS, chama chenu cha ushirika, mtapata kitafunwa cha watoto wakubwa na cha kusaga kwa mdogo. Wabangue wanaojua, maana mafuta ya ganda huunguza ngozi vibaya. Na Oktoba, mabibo yakianza kudondoka, watoto wale. Bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, nasi tunaliacha lioze chini ya mti au liende kwenye pombe.

Mboga za majani haziwekwi stoo, zinawekwa uani. Hata kama una kipande cha ua tu, viroba vitatu vya matembele na mchicha havikosi nafasi, na kipindi hiki cha mvua ndicho cha kupanda. Omba tawi la mlonge kwa jirani, lichomeke. Majani ya kunde yaliyojaa sasa sokoni nunua mengi, yachemshe kidogo, yaanike kivulini, yatakufaa Septemba mchicha utakapopanda bei. Kisamvu kitwange na ukichemshe vya kutosha, kisiwe cha haraka. Mboga ikiiva kamulia ndimu, kwa sababu uchachu wake husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo. Chai ya rangi hufanya kinyume chake, basi isinywewe pamoja na chakula. Isubiri kama saa moja.

Badala ya juisi ya unga weka ubuyu na ukwaju. Vyote ni vikavu, vinakaa miezi, na watoto hawatagundua wamepoteza kitu ukiwatilia sukari kidogo tu. Kuku wawili wa mayai ukiweza. Mtoto huyu apate yai kila siku utakayolipata, yeye kabla ya mgeni.

Chumvi usidharau. Pwani yetu inavuna chumvi, na nyingi inauzwa mitaani haijatiwa madini joto, ambayo mama mwenye mimba na mtoto wanayahitaji kwa ukuaji wa ubongo. Nunua ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, uifunike vizuri, uitie chakula kikikaribia kuiva. Na isizidi: kwa mtu mzima ni chini ya kijiko kimoja kidogo kwa siku nzima, ukijumlisha na ya ng'onda.

Wadudu waliokula mbaazi za mama mkwe wanazuilika. Mbaazi zianike tena siku mbili ukishazipata, zipoe, kisha uzitie kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye tabaka tatu, ukaminye hewa yote itoke na ufunge kila tabaka kwa kamba. Mdudu akikosa hewa hufa. Usiifungue kila siku. Toa ya mwezi mmoja uiweke kwenye ndoo, funga tena. Mfuko ukae juu ya mbao, usiguse sakafu wala ukuta. Uvunguni mwa kitanda kuna giza na unyevu, na panya wanapapenda.

Makopa ya mama nayo yapokee, akileta. Yeye bila shaka anajua muhogo mchungu unalowekwa siku tatu nne mpaka ulainike, ndipo unaanikwa. Ya sokoni muulize muuzaji yalilowekwa au yalianikwa tu, maana njaa ikibana watu hukata njia, na muhogo mchungu usiolowekwa una sumu.

Limebaki la pesa, na ndilo gumu, kwa sababu pesa yenu na mavuno hayakutani. Korosho inalipa kuanzia Novemba mpaka Januari. Karanga, mahindi na choroko huwa rahisi Juni na Julai, mbaazi kuanzia Agosti. Desemba unanunua kila kitu kikiwa kimeshapanda. Kwa hiyo pesa ya mnada ijayo igawanyeni siku hiyohiyo inayoingia, kabla bajaji haijaitwa. Fungu la mboga kavu litoke kwanza: nusu yake nunueni vya kuvuka masika, nusu nyingine iende kwenye kikoba chako au akaunti yenye jina lako, isiguswe mpaka Juni. Mwachie mumeo fungu la furaha pia. Anunue kreti moja ya soda ya sikukuu, watoto wafurahi, naye atembee kifua mbele. Sitaki umnyime hilo.

Kwa sasa, Machi hii, huna gunia na huna msimu. Basi uza ile katoni ya tambi iliyobaki kwa mwenye duka, na sukari nayo kama kilo 10, hamzihitaji. Pesa hiyo ikuletee choroko kilo 3, dagaa kilo 1, karanga kilo 2 na viroba vya kupandia. Hizo zinakufikisha tarehe ya kliniki.

Na kabla ya hapo mpigie simu mama mkwe. Usimweleze ya mumeo. Mwombe radhi kwa zile mbaazi zilizoharibika mikononi mwako, halafu mwambie mjukuu wake anahitaji mbaazi za bibi yake, na umuulize yeye huzipikaje zikalainika. Mwache azungumze mpaka salio liishe.

Niandikie baada ya kumpima mtoto.

Shangazi